Kiti cha Shahidi

Niwieni radhi mapema, maana hadithi hii naijua vibaya na nitaisimulia vibaya zaidi. Mwenye kucheka acheke. Mwenye kuogopa amshike jirani yake, ila amwombe ruhusa kwanza.

Hapo zamani, si zamani sana, chaki ilikwishakuwapo, aliishi Mwalimu Haule, mwalimu wa historia. Miaka kumi aliwasomea wanafunzi notisi, nao miaka kumi wakalala. Siku moja akajikuta yeye mwenyewe anapiga miayo katikati ya vita vya Maji Maji. Akajisemea, "Haule, watu hawa unawaua mara ya pili."

Basi akaweka kiti mbele ya darasa, akakiita kiti cha shahidi. Mwanafunzi akikaa, anakuwa mtu wa kale. Wenzake wanauliza, yeye anajibu. Sharti lilikuwa moja: haondoki mpaka darasa zima liseme, "Tumekusikia." Usingizi ukakoma. Watoro wakarudi. Hata mwalimu wa hesabu akawa anachungulia dirishani.

Ikafika zamu ya Osmunda, binti mpole wa kidato cha pili. Alitaka alama nzuri, akamwomba mama yake jina la mtu wa kale. Mama akampa jina ambalo katika ukoo wao halitajwi: Nambilo, aliyeishi wakati wa njaa iliyofuata vita.

Osmunda akakaa. Mikono yake ikaanza kuchambua nafaka isiyokuwapo.

"Maghala yalichomwa," akasema, kwa sauti kavu isiyo yake. "Nikabaki na kibuyu kimoja cha ulezi, mbegu ya msimu ujao. Nikakificha. Mwanangu akafa, kibuyu kimejaa."

Kandidus, kiranja wa darasa, fundi wa kuwabana wenzake, akasimama. "Bibi, mbona hukumpa mtoto? Uliupenda ulezi kuliko mwanao?"

Osmunda akafungua kinywa ajibu. Kengele ikalia. Siku hiyo jikoni kulikuwa na makande. Kandidus akatoka wa kwanza, darasa likamfuata Kandidus, Mwalimu Haule akalifuata darasa.

Waliporudi, Osmunda alikuwa palepale. Aliitwa, hakuitika. Walitaka kumnyanyua, akawa mzito kama jiwe la kusagia. Mama yake akaja mbio na sahani ya makande. Binti akachambua mahindi punje moja moja, akayafunga kwenye pindo la sketi.

"Hayaliwi haya," akasema. "Ni ya mbegu."

Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu mashavu yamebonyea, Mwalimu Haule akalikusanya darasa, wakasema kwa sauti arobaini, "Tumekusikia."

"Mmesikia kengele," ikajibu ile sauti kavu. "Binti nitamwachia. Lakini kiti hakibaki kitupu. Akae mwenye kosa, na yeye ndiye ajibu lile swali mliloniuliza."

Haule akamgeukia Kandidus.

"Mimi niliuliza tu, mwalimu," Kandidus akasema. "Si wewe uliyetufundisha kuuliza? Anayeuliza ana kosa gani?"

"Uliuliza, ukayakimbilia makande," mama Osmunda akamkatiza. "Mimi nilitoa jina. Jina halimfungi mtu kitini. Linalofunga ni sharti, na sharti ni la mwalimu wenu."

"Sharti ni langu," Haule akakiri, "na miguu iliyotoka ni yangu. Ila mimi jina lile sikulijua. Wewe mama ulijua halitajwi, ukalitoa kwa ajili ya alama."

"Na hizo alama anazitoa nani, baba?"

Osmunda akafunga fundo jingine. Vidole vilikuwa vimebaki mifupa. Wote watatu wakakitazama kiti, na hakuna aliyesogea.

Je, nani alistahili kukaa? Mwalimu aliyeweka sharti kisha akaondoka, kiranja aliyeuliza asisubiri jibu, au mama aliyelitoa jina?

Jibuni taratibu, na msinikodolee macho. Najua kengele ile ililia dakika kumi na tano kabla ya wakati, kwa sababu mpiga kengele alisikia harufu ya makande, na mpiga kengele nilikuwa mimi. Tangu nifike hapa mmenisogezea viti vitatu. Mmeniona nikikaa?