Jogoo wa Bi Mashavu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama watu wenye njaa? Chakula mmekula, nimewaona. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa nimesikia watu.

Hapo zamani za kale, kabla yangu mimi na kabla ya aliyenizaa, palikuwa na kijiji, na katika kijiji hicho palikuwa na ajuza, Bibi Semeni. Bibi huyu, kuku aliwajua. Akipita uani kwako, vifaranga wanakimbia, piu-piu-piu, piu-piu-piu, yeye anasema tu: "Yule jike. Yule dume. Yule naye dume." Na ndivyo inavyokuwa.

Kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Bibi harusi alitoka kwao na kapu la mayai, yamelazwa kwenye makapi ya mpunga. Akifika ukweni, kuku wa mama mkwe ndiye anayeyaatamia. Yakianguliwa, mitetea ni wa bibi harusi, awafuge. Majogoo ni wa jamaa wa mume, wawale siku ya mavuno. Ndiyo desturi, na hakuna aliyeibishia.

Basi akaolewa binti mmoja, jina lake Mize. Alitoka mbali, milima na mito. Mama yake, Bi Mashavu, alimpangia mayai kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia, "Nenda nayo polepole, mwanangu." Lakini njia ile na mawe yale! Mayai yakatikisika, tiki-tiki, tiki-tiki. Kuku akaatamia, akaatamia. Likaanguliwa moja tu. Na kifaranga hajaota mbawa, habari ikaja: Bi Mashavu amefariki.

Maskini Mize! Alilia mpaka sauti ikamkauka. Akabaki na kifaranga wake. Akamlisha chenga za mchele kiganjani. Akamlaza kwenye kanga yake. Kutoka kwa mama yake hakuwa na kitu kingine duniani.

Kifaranga akakua, na kukua kwake kukaleta ubishi. Kuku wa kijiji kile walikuwa wafupi, matumbo yanafagia uwanja. Huyu miguu mirefu, shingo juu, anasimama kama askari.

"Jogoo huyo!" wakasema jamaa wa mume, mate yanawajaa.

"Jogoo gani hana kilemba?" Mize akawajibu. Na kweli, kilemba chake kichwani kilikuwa kidogo kama punje ya mahindi.

Wakabishana, wakabishana, mavuno yakakaribia. Mama mkwe, Mama Kibwana, akachoka. "Aitwe Bibi Semeni. Atakalosema yeye ndilo."

Mize aliposikia hivyo, akamkimbilia Bibi Semeni kisimani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona unalia?"

"Bibi, nakuomba. Sema ni mtetea. Hata kama siye, sema ni mtetea. Sina kingine cha mama."

Bibi Semeni akatua mtungi. Akamfuta machozi kwa ncha ya kanga yake. "Mjukuu wangu, njia ya mwongo ni fupi. Leo nikisema mtetea, kesho anawika. Tutaficha wapi nyuso zetu? Lakini usikate tamaa. Niache nimwone kwanza."

Kesho yake watu wakajaa uani. Bibi akaketi kwenye kigoda, akampakata kuku. Hakutazama miguu. Hakutazama kilemba. Akampulizia mgongoni, karibu na mkia. Fuu! Manyoya yakafunguka. Fuu! Akalishika moja, akalitazama sana.

"Mtetea, manyoya ya hapa ni mviringo," akasema. "Haya yamechongoka. Ni jogoo."

Lo! Jamaa wa mume wakapiga makofi. Mmoja akauliza kisu kiko wapi, mroho yule! Mize akakaa chini palepale, akalia.

"Haraka ya nini?" Bibi akasema, na kuku hakumwachia. "Mmeniuliza dume au jike, nimewajibu. Mbegu yake hamjaniuliza. Mama Kibwana, kwa nini tunawala majogoo wa bibi harusi?"

"Kwa sababu majogoo tunao, bibi. Tunao mpaka wanauana."

"Wa mbegu hii mnaye?"

Mama Kibwana akatazama uwanja wake. Kuku wafupi. Wafupi. Wafupi. "Hatuna, bibi."

"Huyu ni kuchi, mbegu ya miguu mirefu, dume na jike. Kuchi kilemba chake ni hicho hicho, hata azeeke, ndiyo maana mkabishana. Sasa nisikilizeni. Angekuwa mtetea, angemtagia Mize peke yake. Jogoo huyu mkimwacha na kuku wenu, kila ua utapata vifaranga wa kwao Mize. Mkimchinja, mtashiba siku moja, na huyu mwenzenu mtakuwa mmemzikia mama yake mara ya pili."

Mama Kibwana akamwinua Mize, akamkumbatia. "Nisamehe, mwanangu. Ningejua, hata kisu kisingetajwa hapa."

Siku ya mavuno wakala kunde. Yule mroho akanuna, akaachwa anune.

Mwaka ukaja, mwingine ukaja. Vifaranga wa miguu mirefu wakaenea, ua kwa ua. Na kwa kuwa kila aliyeomba mbegu aliambiwa ni kuku wa Bi Mashavu, watu wakawaita kwa jina hilo.

Jioni moja Mize alikuwa anapita nyuma ya nyumba ya jirani. Akamsikia mwanamke, ambaye Bi Mashavu hakupata kumwona hata siku moja, anawaita kuku walale:

"Kuru-kuru-kuru! Mashavu, njoo! Mashavu, njoo nyumbani!"

Mize akasimama.

"Vipi, shoga?" jirani akauliza. "Una nini?"

"Sina kitu," Mize akasema, na machozi yanamtoka. "Mwite tena."

Basi ninyi mnaonisikiliza, mtu akija kwenu msiishie kuuliza atawafaa nini. Muulizeni na alikotoka.

Hadithi yangu imeingia bandani, na mlango nimeufunga.