Kwa Nini Shingo ya Chungu Ina Alama za Kucha

Twangeni huo udongo huku mkisikiliza, wajukuu zangu. Mikono ina kazi, masikio hayana. Juzi mgeni mmoja aliinua chungu changu, akakipapasa shingoni, akasema, "Urembo mzuri." Nilimshukuru kwa adabu tu. Urembo gani! Alama zile zilianza kwa wivu, tena wivu wa mtoto.

Hapo kale, vyungu vyote vya huku milimani vilipokuwa na shingo laini kama yai, aliishi mfinyanzi aliyeitwa Nakijwa. Mumewe alikuwa amefariki na kumwachia binti mmoja, Nambike, wa miaka saba au minane. Nakijwa alikuwa na mikono ya baraka, lakini haikutulia. Asubuhi alikuwa shimoni akichimba udongo, kisha autwange, aufinyange, akwangue kwa gunzi, asugue kwa kokoto, na katikati ya hayo kulikuwa na mbuzi, kuni na uji wa mtoto.

Nambike hakudai mengi. Alitaka kujua mambo ya zamani. "Mama, siku niliyozaliwa mvua ilinyesha?" "Subiri kwanza." "Nani alinipa jina langu?" "Baadaye, mwanangu." Swali lililomkaa moyoni kuliko yote lilimhusu bibi yake, mzaa mama, aliyefariki kabla yeye hajazaliwa. Watu walisema kicheko chake kilisikika ng'ambo ya bonde. "Mama, bibi alikuwa anachekaje?" "Nikimaliza hiki." Na hiki kikiisha, kingine kilianza.

Basi mtoto akaanza kuvionea vyungu wivu. Msicheke, wivu hauchagui umri. Aliviona vikipakatwa, vikigeuzwa taratibu, vikipapaswa tumboni kwa kiganja chenye maji. Mama yake hata alivisemesha: "Simama vizuri, mzuri wangu." Yeye hakuwa ameitwa mzuri wangu tangu mavuno. Vyungu vilifunikwa majani ya migomba jua lisivipasue, naye alishinda juani na hakuna aliyemwita kivulini. Moyo ulimchoma, akavichukia kimoja kimoja.

Siku moja likaja agizo la chungu kikubwa cha pombe ya miwa, cha harusi. Nakijwa alikishughulikia tangu kulipopambazuka, na kila Nambike alipouliza aliambiwa asubiri. Alasiri mama alikiweka kivulini, akaenda kuteka maji. Mtoto akakisogelea. Alikitazama kama mke anavyomtazama mke mwenzake. Kisha akakandamiza ukucha shingoni mwake, akaona raha, akakandamiza tena na tena, hata akafika nusu ya shingo.

Nakijwa aliporudi na kuona, mtungi nusura umponyoke. Udongo ulikuwa umeanza kukauka, bado ukipokea ukucha lakini si kufinyangwa tena. Angeulazimisha upya, ungepasuka motoni. Na harusi ilikuwa karibu, hapakuwa na siku za kufinyanga kingine. Akainua mkono ampige.

"Umefanya nini, Nambike?"

Mtoto hakukimbia. Aliweka kidole kwenye alama ya kwanza. "Hii ni ya asubuhi, uliposema subiri. Hii ni ya shimoni, uliposema baadaye. Hii ulisema ukimaliza. Hii hukusema kitu." Akaendelea hivyo hivyo hadi ya mwisho. "Chungu hiki kikienda harusini utafinyanga kingine, mama. Na mimi nitakuwa bado sijui bibi alikuwa anachekaje."

Mkono wa Nakijwa ulishuka wenyewe. Aliona aibu mbele ya mtoto wake. Akakaa chini, akampakata pale pale alipozoea kupakata vyungu, akasema, "Haya, anza na ya kwanza."

Nambike akagusa alama ya kwanza na kuuliza, mama akajibu: ndiyo, mvua ilinyesha, tena paa lilivuja hadi kitandani. Wakasonga alama kwa alama. Walipofika kwa bibi, Nakijwa alijaribu kuigiza kicheko kile, kikamtoka kikubwa kuliko alivyotaka, mbuzi wakakurupuka. Alicheka huku machozi yakimtoka, maana hakuwa amekisikia tangu alipomzika mama yake.

Nusu ya shingo ilikuwa bado tupu. Mtoto akauliza mengine, na kwa kila jibu akakandamiza ukucha, mpaka alama zikaizunguka shingo yote. Chungu kikaenda harusini hivyo hivyo. Watu walikisifu, wakadhani ni urembo, kama yule mgeni wangu.

Na tangu siku hiyo, mfinyanzi wa huku hamalizi chungu bila kumwita mtoto aizungushie shingo alama za kucha. Na ukucha ukiwa kwenye udongo, ni mwiko mama kusema baadaye. Ndiyo maana huwaita nyie kila shingo inapokuwa tayari, hata nikiwa na haraka zangu, hata mkiniuliza upuuzi.

Chungu cha mwisho nilichokitia kucha nikiwa mapajani mwa marehemu mama yangu kipo kule ndani, nyuma ya kitanda. Nikipitisha kidole shingoni mwake namsikia akinijibu. Msikiguse. Nawapenda, wajukuu zangu, lakini kile nina wivu nacho.