Aliyeondolewa Kikoani

Ndugu zangu, acheni kwanza kuangalia saa, ubwabwa wenu hauungui. Kulikuwa na mama mmoja mkulima wa mchicha.

Alilima bondeni na wenzake watano, wote pekupeku, maana tope la bustani halitaki viatu. Mchana walikula kikoa: leo anapika huyu, kesho yule, wote sinia moja. Tangu mumewe afariki, jioni mama huyu hakuwasha moto. Ampikie nani? Alikunywa chai ya rangi, akalala. Chakula chake cha kweli kilikuwa kile cha kikoa, na mazungumzo yake ya siku nzima yalikuwa ya palepale.

Akaanza kudhoofika. Viganja vikapauka, pumzi zikawa juu juu, jembe likamshinda. Siku moja wakamfuma anamung'unya udongo, wakajua: safura, minyoo ile inayonyonya damu.

Mkubwa wao akamwita pembeni. "Mwenzetu, usitufikirie vibaya. Kuanzia kesho uje na kibakuli chako, tukupakulie pembeni. Ukipona utarudi."

"Na zamu yangu ya kupika?"

"Aa, dada, wewe pumzika tu."

Pumzika tu! Mnalisikia neno hilo? Asali juu, shubiri chini.

Basi akawa anakaa hatua tatu kutoka kwa wenzake. Kicheko kikizuka kwenye sinia naye hutabasamu, ingawa hakusikia kilichowachekesha. Kula peke yake kukamshinda, kibakuli akakirudisha nyumbani na chakula chake. Mwezi wa pili akaanguka katikati ya matuta.

Wakambeba hadi zahanati. Nesi akawapima wote sita.

"Mwenzetu anayo?" mkubwa akauliza.

"Mnayo nyote."

"Sisi? Sisi si tulitenga sinia!"

"Mama yangu, safura haipiti kwenye sinia. Inapenya nyayoni, kwenye udongo mnaouchafua wenyewe mkienda haja kule migombani. Mmetenga chakula, miguu mmeiacha peku."

"Mbona sisi hatuumwi?"

"Mwili una askari wake, wanaizuia minyoo isizidi. Lakini askari nao wanataka kula. Wa mwenzenu wamelala njaa, minyoo ikajitawalia. Kwani alikuwa anakula wapi?"

Jamani, walitazamana.

Wakanywa dawa wote. Mama akaongezewa na ya damu, taratibu akapata nguvu. Siku aliporudi bustanini, mkubwa akamwita mbele ya wote, "Dada, karibu kikoani." Akaitika vizuri, "Ahsante, dada." Kisha akaenda kukaa hatua tatu, palepale, na kibakuli chake. Hakuwa na kinyongo. Alikuwa amezoea.

Haya, sisi je? Mwenzetu akifiwa, akiteleza, si tunamwambia apumzike tu? Tunamtoa kwenye kwaya, tunamruka zamu ya kufagia kanisa, tunasema tunajikinga. Tunajikinga na nini, na sote tunakanyaga udongo mmoja? Unajiona mzima kwa sababu una watu wa kula nao. Yeye kinga yake ilikuwa kile kikoa, na mikono iliyomnyang'anya ni ya ndugu zake. Inaniuma kusema, lakini ndivyo.

Minyoo ilitoka kwa kidonge. Zile hatua tatu hazina kidonge. Lazima mtu anyanyuke, abebe sinia lenyewe, azitembee.

Tukitoka hapa kuna chai. Nyuma ya kanisa, kwenye lile benchi bovu, kuna mwenzetu anayekunywa peke yake tangu Pasaka, na mimi mchungaji wenu nimempita kila Jumapili nikimpungia mkono. Leo nabeba kikombe changu nakwenda kukaa naye. Anayekuja, aje na birika.