Mwashi Aliyeuliza Njiani

Wapendwa, leo nawapeni habari ya mwashi mmoja na mkewe. Jina lake msinitafutie. Nikimaliza kila mmoja atadhani namsema yeye, na mimi sitaki kesi na mtu.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Jumatatu mpaka Ijumaa yuko kwenye kiti anashona sare za shule. Jumamosi asubuhi anachemsha viazi vitamu viwili, anavitia kwenye kikapu cha baiskeli yake ya bluu, anaondoka peke yake kwa barabara ya vumbi inayopita mashambani mpaka bwawani. Jioni anarudi, vumbi mpaka magotini, na anaimba.

Mume akamuuliza, "Unakwenda kwa nani?"

"Siendi kwa mtu, mume wangu. Siku tano nakanyaga cherehani sifiki popote. Niache siku moja nikanyage nifike."

Kinamama mnacheka, mmemwelewa. Mwashi hakumwelewa. Wivu ulimkaba. Akimsikia mkewe anaingia uani na wimbo wake, anaisukuma sahani pembeni. Akawaza, furaha hii imetoka wapi? Mimi sikumpa, basi yupo aliyempa. Semeni kweli, akina baba, hakuna humu aliyewahi kuchukia kicheko cha mkewe kwa sababu tu si yeye aliyemchekesha? Naona wengine mmeanza kutafuta kitu kwenye Biblia zenu.

Alhamisi moja akasema anakwenda kutazama kazi ya kujenga mbali kidogo. Akaazima baiskeli ya mkewe, akashika barabara ileile.

Pale njia panda kulikuwa na fundi baiskeli anaziba pancha. Akaitazama ile baiskeli akasema, "Hii si ya yule mama wa Jumamosi?"

"Ndiyo. Hupita na nani?"

"Peke yake."

"Una uhakika? Hujaona mtu anamfuata kwa nyuma?"

Fundi akaweka pampu chini. "Kwani kuna nini, kaka?"

"Hakuna. Nauliza tu."

Akanyonga mbele. Barabara kimya, mtama huku na huku, upepo mzuri. Yeye hakuona mtama wala hakusikia upepo. Akafika kwenye kisima, akawakuta kinamama wanachota maji.

"Yule mwanamke wa baiskeli hii, akirudi jioni huwa yukoje?"

"Huwa amefurahi," wakasema.

"Amefurahi namna gani?"

Wale kinamama wakatazamana. Mmoja akaifunga kanga yake upya, pole pole. "Tunauliza, ndugu, kwani amefanya nini?"

"Hakuna. Nauliza tu."

Hivyo hivyo njia nzima. Kwa muuza mahindi, kwa mwenye duka la chumvi, kwa wachunga ng'ombe. Saa saba mchana akafika bwawani, shati lote limelowa jasho, akamkuta bibi mmoja anamwagilia nyanya.

"Shikamoo, bibi. Yule mama wa Jumamosi hukutana na nani hapa?"

"Marahaba. Hukutana na viazi vyake. Anakula, ananawa miguu, ananiaga, anaondoka. Wewe ni nani wake?"

"Mumewe."

"Ala! Basi siku moja mje wote."

Wapendwa, yule mwanaume alirudi mwepesi! Alipita kisimani akapiga kengele ya baiskeli kwa furaha. Alimpita fundi akampungia mkono. Moyo wake ulikuwa mweupe kabisa, akalala usingizi mzuri, wala hakumwambia mkewe kitu. Kwake yeye mambo yalikuwa yamekwisha.

Jumamosi mke akaondoka na viazi vyake. Saa nne akarudi akiikokota baiskeli. Hakuimba.

"Mbona mapema?" mume akauliza.

"Nimewasalimu kinamama kisimani, wamenyamaza. Nimeomba upepo kwa fundi, ameniuliza leo zamu ya nani. Mume wangu, nani amenitangaza barabarani?"

Mwashi akakaa chini akamwambia yote. Mkewe hakupiga kelele. Aliisimamisha baiskeli ukutani akaingia ndani akafunga mlango.

Kesho yake mwanaume akatoka mbio kwenda kutengeneza alichoharibu. Kwa fundi akasema, "Mke wangu ni mwaminifu. Nilikosea mimi kuuliza."

Fundi akamshika bega. "Una moyo, kaka. Mimi ningeshamrudisha kwao."

Kisimani akasema, "Jamani, mke wangu hana kosa lolote, nawaapia."

Akawasikia nyuma yake wakinong'ona, "Maskini, anamsitiri." Kadiri alivyozidi kumtetea ndivyo walivyozidi kumhurumia, na akafika bwawani akiwa amemmaliza mkewe kabisa.

Sasa niambieni, huyu mtu alisema uongo gani? Utafuteni. Hakuna. Alimsingizia nani? Hakuna. Aliuliza tu! Na sisi tunadhani tuko salama kwa kuwa hatusengenyi, sisi tunauliza. Wivu ni mwoga, haupendi kusema jambo, unapenda kuuliza. "Kile kiwanja kakinunua na nini?" "Siku hizi anapendeza, mmemwona?" Tunauliza kila mlango isipokuwa mlango wa mwenyewe, na tukipata jibu jema sisi tunalala, lakini wale tuliowauliza wanabaki na swali letu.

Sikilizeni, nimalize. Kuna dada hapa aliyekuwa anaimbisha kwaya. Watu walimpenda, na mimi nikimhubiria mtu neno la saa nzima, anatoka akisifu kwaya. Iliniuma. Nikawauliza wazee wa kanisa, "Huyu dada, baada ya mazoezi huwa anasindikizwa na nani?" Nikamuuliza na mke wangu. Nikauliza tu. Leo ni Jumapili ya tatu kiti chake kiko wazi, nanyi mnajua mnayosema.

Dada yule hana kosa. Mimi ndiye niliyemwonea wivu. Nalisema hili mbele za Mungu na mbele zenu, na natetemeka, kwa sababu natazama nyuso zenu na naona wengine tayari wanasema moyoni, mchungaji anamsitiri.