Mbegu za Wande na Ghala la Milango Miwili

Kisa nakileta.
Kilete, bibi, tukipokee.
Kinatoka wapi?
Kinatoka kabla nyumba hazijajua kufuli.

Basi sogeeni, wajukuu zangu. Mbuke, acha kumsukuma mwenzio, mkeka unatutosha wote. Leo nitaanza na swali, kwa sababu swali hili limenishinda, na mtu akishafika umri wangu haoni haya kuwaambia watoto lililomshinda. Swali lenyewe ni hili. Mwenye njaa akisimamishiwa watu wawili mbele yake, mmoja ameshika ufunguo wa ghala na wa pili ameshika mbegu, kwa nini humfuata yule wa ufunguo? Nimewauliza wazee wangu, wakatazama chini. Nimesoma vitabu vya watu wenye akili kunizidi. Vimenifundisha mengi, hilo havikunifundisha. Leo asubuhi mmeliona lori la mgombea likigawa unga pale sokoni, na mmewaona baba zenu wakishikana mashati, huyu mtu wetu, huyu si mtu wetu. Mkarudi mbio kuniuliza, "Bibi, wanagombania nini na unga ni ule ule?" Jibu sina. Nina kisa.

Zamani hizo nchi yetu ilikuwa mlima na mbuga, kama ilivyo sasa. Mlimani udongo ni mwekundu na mvua huondoka mapema. Mbugani udongo ni mweusi na maji hutuama mpaka yachoke yenyewe. Kwa hiyo mtama wa mlimani ulikuwa wa haraka, na mtama wa mbugani ulikuwa wa pole. Ukipanda wa pole mlimani, jua linaukuta haujajaza punje. Ukipanda wa haraka mbugani, mvua inaukuta umekwisha kukomaa, nao unaoza ukiwa umesimama. Kila mwanamke alilijua hilo kama anavyojua njia ya kisimani.

Na sasa sikilizeni vizuri, maana kisa chote kinaning'inia hapa. Mitama ile miwili ukiitazama ingali kwenye suke, mtoto mdogo anaitofautisha. Suke la mlimani limefumba kama ngumi, suke la mbugani limelegea kama mkia wa ng'ombe. Lakini ukishaipura, punje kwa punje, hata aliyeipanda haijui. Ndiyo maana mbegu haikupurwa. Mama mwenye nyumba alichagua masuke mazuri, akayatundika darini juu ya meko, moshi ukayalinda na wadudu mpaka mvua nyingine. Chakula kilikaa kwenye kihenge nje. Mbegu ilikaa kwenye moshi ndani.

Akatawala mtemi jina lake Lugwisha. Mwaka wa kwanza wa utawala wake, vijiji vitatu vilikufa njaa, na kijiji cha nne, mwendo wa asubuhi moja tu, kilikuwa na vihenge vimejaa mpaka vinapasuka. Lugwisha alikwenda akaona kwa macho yake. Alirudi kwake. Siku ya tatu akasema, "Katika nchi yangu hatakufa tena mtoto kwa njaa huku jirani yake anacheua." Msimcheke, wajukuu zangu. Mimi sijapata kusikia neno la mtawala lililo zuri kuliko hilo.

Akajenga ghala moja kubwa katikati ya nchi, pale mlima unapokutana na mbuga. Akatoa amri: mtama wote uletwe ghalani, upurwe kwanza, kwa kuwa masuke yanakula nafasi, na kila nyumba itapimiwa kwa pishi moja, mkubwa na mdogo sawa. Ghala likawa moja, na ufunguo ukawa mmoja. Ufunguo akapewa Shigela, mtu wa mlimani, mtu mwaminifu ambaye hata punje iliyodondoka njiani aliiokota akairudisha.

Hapo watu wetu wakafanya kosa ambalo wangeweza kulifanya wao tu. Kwao kitu cha mtemi hakikatwi mkia. Ukimpelekea mbuzi, unampelekea na kamba yake. Ukimpa asali, unampa na nta. Basi walipoambiwa mtama wote, walikomba vihenge, wakafagia, halafu wakaingia ndani wakatungua na masuke ya darini. Hakuna aliyewaambia watungue. Hakuna aliyewaambia wasitungue. Wakapura mbegu za mlima na mbegu za mbuga, wakamimina lundo moja, wakaenda nyumbani wakiimba, kwa sababu walikuwa wameheshimu.

Mwaka ule kila mtu alikula. Kweli kabisa, kila mtu. Mvua zilipokaribia, Shigela akafungua akapima mbegu kutoka lundoni, pishi kwa pishi, sawasawa. Watu wakapanda. Mlimani nusu ya shamba ikakauka kabla ya kujaza. Mbugani nusu ya shamba ikaoza imesimama.

Mbugani wakasema, "Bila shaka. Mwenye ufunguo si wa mlimani? Ametupa mbegu za kwao."

Mlimani wakasema, "Mama yake mtemi kazaliwa wapi? Si mbugani? Basi mnashangaa nini."

Mwaka wa pili nusu, mwaka wa tatu nusu, kwa sababu kila mavuno amri ilikuwa ile ile, kilichopona kikapurwa chote na kumiminwa tena lundoni. Lugwisha akaagiza mbegu zitenganishwe. Shigela akakaa chini na wanawake arobaini, siku saba, punje kwa punje viganjani, wakashindwa. Mtemi akafa mwaka huo. Wapo wanaosema alikufa kwa uchungu wa moyo. Mimi sikuwepo.

Mbuke, unasinzia au unafikiri? Haya, fikiri.

Ufalme ukamwendea Kapela, mtoto wa dada yake. Huyu alikuwa mtu wa kusikiliza sana. Alisikiliza mlimani, akasikiliza mbugani, miaka ikapita, na kila alikokwenda aliambiwa neno moja: "Tupe mtu wetu." Hakuna aliyesema turudishie vihenge. Watoto waliozaliwa na ghala walikuwa wameshaota ndevu, na vihenge vilikuwa vimegeuzwa mabanda ya kuku. Kapela akafanya walichoomba. Akatoboa ghala mlango wa pili. Mlango wa juu mwenye ufunguo wa mlimani, mlango wa chini mwenye ufunguo wa mbugani. Siku hiyo ngoma zilipigwa pande zote mbili. Ghala likawa moja, na milango ikawa miwili, na lundo ndani likabaki lile lile.

Tangu hapo kila baada ya mavuno watu walikusanyika kuchagua wenye funguo. Hawakuuliza huyu anajua nini. Waliuliza huyu ni wa nani.

Sasa mlimani alikuwepo mwanamke anaitwa Wande. Kazaliwa mbugani, kaolewa mlimani, kazeekea huko. Siku ile ya kutungua masuke, Wande alisimama chini ya dari, akanyoosha mkono, mkono ukakataa. Hiyo ndiyo habari yote aliyoitoa baadaye: mkono ulikataa. Akabakiza mafungu mawili, la kwao alikozaliwa na la kwao alikoolewa. Kila mwaka alipanda mistari michache nyuma ya nyumba, wa haraka penye kichuguu, wa pole pale maji ya kuogea yalipotuama. Akavuna masuke, akayarudisha kwenye moshi. Miaka ishirini. Na sheria ya ghala ilikuwa wazi: atakayeficha mtama, nyumba yake itachomwa na yeye atatolewa nje ya mipaka, aende na miguu yake.

Alikuwa na binti, Nshoma, aliyeolewa mbugani. Ukaja mwaka ambao hata ile nusu haikupatikana. Nshoma akapanda mlima kuja kumwona mama yake, amefunga kanga ya msiba. Akaingia jikoni, akainua macho.

"Mama, nini kile?"

"Nyanya zako hao. Wasalimie."

"Mama."

"Ni mbegu, Nshoma. Zile zilizochanganyika ghalani, hapo zimekaa kila moja na fungu lake."

Nshoma akakaa kwenye kigoda. "Nani anajua?"

"Moshi. Na mimi. Na sasa wewe, kwa hiyo tumeshakuwa wengi."

"Nimezika watoto wawili," Nshoma akasema. "Wewe ulikuja, ukalia na mimi. Na hizi zilikuwa hapa."

Wande alichochea moto. "Mafungu mawili hayamshibishi mtoto, mwanangu. Yangewashibisha watoto wa mtoto wako. Ningeyatoa, wangenichomea nyumba, nayo yangemiminwa lundoni kama mengine."

"Na usipoyatoa?"

"Utanizika nayo."

"Yatoe, mama. Yatoe mbele ya watu wote, mchana, yakiwa kwenye suke. Mwenye macho ataona."

Wakabishana mpaka uji ukaungua. Mwisho Wande akapanda kigoda akatungua. Safari hii mkono ulikubali.

Siku ya baraza la kuchagua wenye funguo, mlimani walikaa upande wao, mbugani upande wao, katikati mtemi Kapela. Mawingu yalikuwa yameanza kusimama. Yeyote mwenye mbegu angepanda juma lile. Wande akatembea katikati, fungu huku, fungu huku, akayaweka chini.

"Hii ya mlima," akasema. "Hii ya mbuga. Kila nyumba ichukue suke moja, la kwao. Ipande, ivune, itundike juu ya meko. Mwaka wa tatu hakuna atakayekuja hapa kuomba pishi."

Wazee wachache waliyatambua, na mmoja akafunika uso. Halafu kijana mmoja wa mlimani akauliza, "Nani atayagawa?"

"Wa kwetu," wakasema mlimani. "Bibi ameolewa kwetu."

"Amezaliwa kwetu," wakasema mbugani. "Mnataka kuiba hata bibi?"

"Nyie mna mlango wenu, mnatafuta nini hapa?" wakajibu mlimani.

"Na nyie dari mnazo bado? Mtatundika wapi, puani?" Watu wakacheka, kicheko kibaya, na fimbo zikaanza kuinuka.

Shigela akaomba kusema. Alikuwa mzee sana, anashikwa mkono. "Mimi nilishika ufunguo wa kwanza," akasema. "Hakuna aliyewahi kuwapa mbegu mbaya. Wala mimi, wala waliofuata. Lundo ni moja, limechanganyika tangu siku ya kwanza. Mnamchukia mtu ambaye hayupo."

Mtu akapaza sauti kutoka nyuma: "Mzee, umetumwa na nani?"

Na pande zote mbili, kwa mara ya kwanza siku ile, zikapiga makofi pamoja.

Hapa nitasimama kidogo niwape fundisho, kwa sababu huko mbele halitapata pa kukaa. Kapela hakuwa mtu mbaya. Wenye fimbo hawakuwa wabaya. Walikuwa wamezika watoto, kama alivyozika Nshoma. Na Lugwisha, nimekwisha kuwaambia. Lakini shikeni hili: mtawala hufa, na mstari aliowapanga watu hubaki umesimama, unamngojea wa kuufungulia mlango. Anayesimama mstarini siku nyingi hujifunza kumtazama aliye mbele yake kwa chuki na aliye mlangoni kwa mapenzi. Aliyekuja na mbegu, yuko nje ya mstari. Hatumtazami. Mkikua mkaona mnapigana kwa ajili ya mtu wa mlangoni, ulizeni kwanza nani aliwafundisha kupanga mstari, na jikoni kwenu kunaning'inia nini.

Baraza likaamua hivi. Kapela alisimama, akasema taratibu, kama mtu anayebeba maji yaliyojaa. "Tukizipanda mlimani kwanza, mbugani watachoma. Tukizipanda mbugani kwanza, mlimani watachoma. Tukizigawa, mtapigana hapa hapa, na mimi sitaki damu mwaka wangu. Kosa la kuficha nimelisamehe, huyu ni mzee. Mbegu zote zisagwe leo. Upikwe uji chungu kimoja, kila mtu achovye kidole, tuondoke kwa amani."

Wakakubali. Wote. Neno amani lilirudiwa mara nyingi sana. Wande alikuwa akiwatazama watu mmoja mmoja, kama anayetafuta aliyekuja naye.

Likabaki moja: nani asage? Wa mlimani angesingiziwa ametia dawa, wa mbugani vilevile. Wakatafuta mtu mwenye mguu huku na mguu kule, ambaye pande zote zitamwamini, na katika nchi nzima akapatikana mmoja. Wakaleta jiwe, wakaliweka katikati ya baraza. Wakamwita kwa jina, kwa heshima, "Njoo, mama, tusaidie." Akaja. Akafunga kanga kiunoni, akapiga magoti, akapukusa suke la kwanza.

Aliyesaga ni Nshoma, binti yake Wande, mama yake bibi yangu. Hakuacha hata punje moja. Kitu cha mtemi hakikatwi mkia. Jiwe lenyewe ni hili mnaloniona nalo kila siku.

Kisa nilikichukua juu ya jiwe, juu ya jiwe nakirudisha. Atakayekitaka, aje na mtama wake.