Donge la Naama

Tumepokea kutoka kwa waliotutangulia kwamba katika Wana wa Israili alikuwako mjane mcha Mungu, jina lake Naama. Zama hizo mkate haukununuliwa dukani umefungwa kwenye nailoni. Kila Ijumaa mchana wanawake walikanda unga kwa mikono yao, na mtaa mzima ukanukia. Kabla ya kuoka, kila mmoja alimega donge dogo, akalitaja jina la Mola, akalitupa motoni. Hilo ndilo fungu la Mwenyezi Mungu, na mkate usiomegwa haukuliwa.

Naama alikuwa na mwana mmoja tu, Asheri, akashikwa na homa. Mama aliomba siku saba bila kuchoka. Ya nane wakamzika.

Ijumaa iliyofuata alikanda, akautazama moto, akasema, "Donge langu umekwisha kulichukua. Jingine sitoi." Akaoka hivyo hivyo. Mwaka mzima akawa anaoka hivyo na kula peke yake.

Ikawa siku moja amekuja jirani yake, Bi Tirza, ajuza aliyekakamaa vidole hata hawezi kukanda, na tangu juzi hajatia kitu tumboni. Naama akampa mkate. Angenyamaza, nani angejua? Lakini ajuza alipoufikisha mdomoni, Naama alimshika mkono.

"Usile, mama. Sikuumega."

Bi Tirza akauweka chini, akataka kujua tangu lini. Naama akamweleza yote, hata lile neno alilomwambia Mola wake.

"Basi ungeniacha nile," akasema ajuza. "Kama humwamini tena, umenizuia kwa ajili ya nani?"

Ajuza akamsogezea ule mkate.

"Umemnunia tu, mwanangu, hukumwacha. Na sheria yetu unaijua: usipomega kwenye unga, utamega kwenye mkate. Haya, mega. Nina njaa mimi."

Naama akamega. Dua aliianza mara mbili ndipo akaimaliza, akakitupa kipande motoni, akalia kilio ambacho hakukilia makaburini.

Asheri hakurudi, asikudanganye mtu. Ziko Ijumaa Naama alikanda huku anatokwa na machozi, lakini alimega mpaka alipokufa. Nasi tukimnunia Mola wetu, na tutamnunia, basi tununie humo humo nyumbani mwake, tusitoke nje.