Kiboko, Mwenyekiti Asiyeinuka

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipeleka watoto wao sekondari, kulikuwa na mwalimu mmoja aitwaye Bi Pimbi. Mdogo kama paka, mkia hana, lakini sauti yake ilikuwa ya kuamsha kijiji kizima. Usiniulize pimbi hushikaje chaki. Alishika, basi, tusonge mbele.

Bi Pimbi alifundisha Uraia na Biashara katika shule iliyokuwa karibu na mto. Na maskini, alikuwa amechoka!

"Raia mwema ni nani?" aliuliza.

"Raia mwema ni yule anayejua haki zake na wajibu wake!" darasa zima likaimba kwa sauti moja, kama vyura baada ya mvua.

"Vizuri. Haki ni nini?"

Kimya.

"Wajibu je?"

Kimyaaa. Nzi akapita: nziii.

"Haya, mna swali?"

"Hatunaaa!"

Bi Pimbi akaweka chaki chini, akashika kichwa. "Ee Mola! Heri ningefundisha mawe. Mawe angalau hayaniitikii."

Sasa, shule yenyewe haikuwa na paa. Jua liliwachoma, na masika yalikuwa njiani. Kwa hiyo, katika somo la Biashara, Bi Pimbi aliwaongoza wanafunzi kulima shamba la mtama. Wakapatana na ndege mnana, wale mafundi wa kusuka viota: mtama ukivunwa, mnana watapewa punje, nao watasuka paa la nyasi kabla ya mvua. Biashara safi, kila upande unapata. Wanafunzi wakalima, wakapalilia, wakatoka malengelenge. Mtama ukainamisha masuke kwa uzito.

Ndipo alipokuja Mheshimiwa Kiboko.

Kiboko alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule. Nani alimchagua? Hakuna aliyekumbuka. Kila jioni alipanda kutoka mtoni, tipwa! tipwa! tipwa! akaingia shambani. Nyamu! Nyamu! Suke baada ya suke.

"Mheshimiwa!" Bi Pimbi alimkimbilia. "Unakula mtama wa wanafunzi!"

"Nani anakula?" alijibu Kiboko, mdomo umejaa. "Mimi naonja. Mwenyekiti lazima ahakikishe ubora."

"Jana ulionja robo ya shamba!"

"Robo haitoshi kujua ladha." Akawageukia wanafunzi waliojipanga kando ya shamba. "Nyie watoto, kuna mwenye malalamiko? Msisahau ile fimbo kali imepewa jina la nani!"

"Hatunaaa!"

Nyumbu, kiranja mkuu, akapiga makofi. Na kwa kuwa Nyumbu alipiga, wote wakapiga.

Bi Pimbi alitamani ardhi immeze. Kesho yake darasani aliwaka: "Mtama ni wenu! Jasho ni lenu! Mbona mmefunga midomo?"

Nyumbu akanyoosha mkono. "Mwalimu, tungesema. Lakini hukutuandikia ubaoni cha kusema."

"Niwaandikie!" Chaki ikakatika mkononi, ta! Bi Pimbi akatoka nje, akazunguka shule akisema peke yake kama mwenye pepo. Aliporudi alikuwa ametulia, macho yanang'aa. Waliomjua walijua: Pimbi akipiga kelele, hamna neno. Akitulia, jihadhari.

Akashuka mtoni. Kiboko alikuwa majini, pua tu ndiyo iliyoonekana.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, kijimwalimu changu. Umeleta mtama?"

"Nimeleta aibu. Huko nje wanasema wewe ni mwenyekiti wa mabavu tu. Eti hujawahi kukalia kiti mbele za watu."

"Nani kasema?" Fyuuu! Maji yakaruka juu.

"Wasemaji hawakosekani. Ushauri wangu, tuite mkutano mkuu. Wewe utakalia lile jiwe kubwa la uwanjani, kila mmoja akuone. Na tupitishe kanuni: mwenyekiti akiwa amekalia kiti, hakuna wa kumwondoa. Awe Tembo, awe Simba, hakuna."

"Milele?"

"Milele. Ila akiinuka mwenyewe kabla maswali ya wananchi hayajaisha, amejiuzulu. Hicho ni kifungu cha kupamba tu, Mheshimiwa. Mikutano yote mikubwa inacho."

Kiboko akafikiri. Kisha akacheka mpaka mto ukafurika kingo. "Maswali! Wale wanafunzi wako? Ho! ho! ho! Hawajauliza swali tangu wazaliwe! Nitasema 'Mna swali?' wataitikia 'Hatuna,' na kabla umande haujakauka mimi ni mwenyekiti wa milele. Pitisha, mwalimu, pitisha!"

Na ugumu ulikuwa hapo hapo, watoto wangu. Kiboko alisema kweli! Bi Pimbi alilijua hilo kuliko yeyote. Wanafunzi wakinyamaza, mtama wote utaonjwa, mnana watakwenda zao, mvua itaifunga shule, na Kiboko ataketi juu yao maisha.

Akawaambia darasani: "Kesho kuna mkutano. Nusu ya mtama imekwisha. Kila mmoja wenu afikirie jambo analotaka kujua."

"Mwalimu, ungetuandikia..."

"SIANDIKI!"

Asubuhi uwanja ukajaa. Kiboko akapanda juu ya jiwe, akajimwaga, puu! Bi Pimbi akaitangaza kanuni kwa sauti, na wote waliokubali wakapiga mguu chini. Kiboko akapiga wake kwa kishindo kuliko wote. Kisha akahutubia juu ya unene wake, busara yake, na unene wake tena. Mwishoni akatabasamu.

"Mna swali?"

"Hatunaaa!"

Bi Pimbi akafumba macho. Mwaka mzima! Mwaka mzima wa kukausha koo, na hili ndilo vuno!

"Basi," alisema Kiboko, akianza kujikusanya, "mkutano umefu..."

"Mi... mi."

Shingo zote zikageuka. Alikuwa Kobe, mwanafunzi wa dawati la nyuma, ambaye kila mtu alidhani amelala.

"Mi... mi... ni... na... swa... li."

"Sema upesi!" alinguruma Kiboko.

"U... pe... si... si... we... zi."

Ikabidi wasubiri. Jua likapanda. Umande ukakauka. Kobe akameza mate, akapumzika kidogo, akaendelea.

"Mta... ma... we... tu... u... ko... wa... pi?"

Kiboko akakohoa. "Umeliwa na ndege."

Kabla hajajijua, Digidigi alikuwa amesimama kwa miguu yake myembamba: "Ndege gani huyo mwenye nyayo kama karai?"

Kicheko kikalipuka: kwi! kwi! kwi! Digidigi akajitazama huku na huku, akashangaa kuwa bado mzima. Ameuliza, na hakuna kilichomng'ata.

Wenzake wakaliona hilo. Kwato zikanyooka, kucha zikanyooka.

"Mheshimiwa, bodi ina wajumbe wangapi?"

"Mimi."

"Na wengine?"

"Mimi tena!"

"Mnana tutawalipa nini?" aliuliza Nguchiro. "Na tukivunja mapatano, nani atafanya biashara nasi tena?"

Nyumbu kiranja mkuu akainuka kuwanyamazisha. "Tulieni! Tulieni! Msimsumbue Mheshi..." Akasita. Akakuna pembe. "Lakini kweli, Mheshimiwa, kuonja na kula vinatofautianaje?"

Loo! Bi Pimbi akafumbua jicho moja, halafu la pili.

Jua sasa lilikuwa utosini. Na ngozi ya kiboko, watoto, haina urafiki na jua. Jasho jekundu likamchuruzika. Mgongo ukaanza kukakamaa kama tope la kiangazi.

"Maji! Nileteeni maji!"

"Maji yako mtoni, Mheshimiwa," alisema Bi Pimbi kwa upole mwingi. "Ukitaka kuinuka, hatukuzuii."

"Maswali yamekwisha? Niambieni, yamekwisha?"

Nyuma kabisa, shingo nyembamba ikatokeza tena, taratibu.

"Mi... mi... ni... na... swa... li... la... nyo... nge..."

"YALAAA!" Kiboko akaruka kutoka kwenye jiwe, tipwa tipwa tipwa tipwa, chubwi! Mto ukamfunika.

"Amejiuzulu!" uwanja mzima ukapiga kelele.

"Sijajiuzulu! Ninaoga tu!"

"Kanuni uliipigia mguu mwenyewe!" alijibu Digidigi.

Kiboko akazama polepole. Bwi, bwi, bwi, likabaki povu.

Wanafunzi wakavuna mtama uliobaki, wakaenda wenyewe kwa mnana kuwaeleza ukweli wote. Mnana wakanong'onezana, wakakubali kusuka paa kwa nusu hiyo na kusubiri iliyobaki hadi mavuno yajayo. Bodi mpya ikachaguliwa kwa kura. Kiboko naye akaitwa kama raia wa kawaida, akanyage udongo wa kukandika kuta. Alikuja, amenuna, lakini alikuja, na kwa kukanyaga hakuna aliyemfikia.

Masika yalipoanza, darasa lilikuwa kavu. Bi Pimbi akasimama mbele, moyo mweupe.

"Haya. Raia mwema ni nani?"

Hakuna aliyeimba. Digidigi alinyoosha mguu.

"Mwalimu, mimi nina swali kwanza. Ile kanuni ya jiwe uliipanga na Kiboko huko mtoni. Mbona sisi hukutuuliza?"

"Kwa sababu ilikuwa hila, mwanangu. Ningewaambia, ingevuja."

"Hila kwa Kiboko, sawa," alidakia Nguchiro. "Na siku itakapokuwa hila kwetu?"

Mvua ikalia juu ya nyasi.

"Mi... mi..." alianza Kobe kule nyuma.

Bi Pimbi akashika kichwa kwa mikono yote miwili. "Ee Mola, na hawa ni mimi niliyewafundisha!" Kisha akavuta kigoda, akakaa vizuri, akamtegea Kobe sikio.

Hadithi yangu naitua hapa, na funzo lake ni hili: haki usiyoiulizia, mwenzio ataionja mpaka iishe.